Mgonjwa asitoke hospitalini na maelezo asiyoyaelewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja linalowahusu madaktari, wauguzi na wafamasia, pamoja na sisi tunaotibiwa nao. Hospitali zetu hapa Tanzania huzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili, lakini faili lake na cheti chake cha dawa huandikwa kwa Kiingereza na vifupisho vya Kilatini, na mara nyingi hakuna anayehakikisha kwamba aliyeambiwa ameelewa.

Chukua bahasha ya dawa iliyoandikwa "1x3, 5/7". Mfamasia anajua kwamba maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kwa muda wa siku tano. Kwa kanuni hiyohiyo 2/52 ni wiki mbili na 3/12 ni miezi mitatu. Jirani yangu, mama mtu mzima anayejua kusoma vizuri, aliisoma 5/7 kuwa tarehe tano ya mwezi wa saba, akawa anameza kidonge kimoja kwa siku ili dawa zimfikishe tarehe hiyo. Simlaumu hata kidogo, kwani hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Dawa mseto ya malaria nayo ina mtego wake. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha mgonjwa huendelea asubuhi na jioni hadi siku ya tatu. Mzazi aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa nne asubuhi anapoambiwa kwa haraka "nyingine saa nane", humpa saa nane mchana, yaani saa nne tu baadaye, wakati alitakiwa kusubiri hadi saa kumi na mbili jioni. Ingetosha muuguzi kuuliza dozi ya kwanza imemezwa saa ngapi, akahesabu pamoja na mzazi, kisha akaandika saa yenyewe juu ya pakiti.

Linaloniumiza zaidi ni presha. Mitaani kwetu mtu akipokea habari mbaya husemwa kwamba amepata presha, kwa hiyo wengi wanaamini kuwa ugonjwa huu huja mtu anaposhtuka na huondoka akitulia. Mgonjwa wa namna hiyo akipimwa na kuambiwa "presha yako sasa iko sawa", husikia kwamba amepona, na dawa anaziweka kabatini. Alichopaswa kuambiwa ni kwamba iko sawa kwa sababu anameza dawa, na kwamba akiziacha bila ushauri wa daktari inaweza kupanda tena pasipo dalili yoyote, hadi siku kiharusi kitakapompata au figo zitakaposhindwa kufanya kazi. Aelezwe pia namba zenyewe: ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapopumzika, na vipimo vinavyojirudia kufikia 140 kwa 90 au zaidi vinahitaji kushughulikiwa hata kama anajisikia mzima.

Yapo na mengine. Ugonjwa sugu, kama kisukari, ni ule unaodumu kwa muda mrefu, ilhali kifua kikuu sugu ni kile ambacho vimelea vyake havisikii dawa za kawaida, na mgonjwa anayechanganya mambo hayo mawili anaweza kukata tamaa bure. Majibu hasi nayo huwatisha watu, ingawa kwa vipimo vingi maana yake ni kwamba kilichotafutwa hakikuonekana.

Najua foleni za wagonjwa zilivyo ndefu na wahudumu walivyo wachache, wala sidai kila mgonjwa apewe somo la tiba. Ninachoomba ni Wizara ya Afya iagize maelekezo kwenye bahasha za dawa yaandikwe kwa Kiswahili kwa maneno kamili, na anayetoa dawa amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atazimezaje na mpaka lini. Nasi wagonjwa tusiitikie "ndiyo daktari" kwa heshima tu. Tuulize ugonjwa unaitwaje, dawa hii ni ya nini, tuimeze hadi lini, na dalili zipi zikitokea turudi haraka bila kungoja tarehe ya kliniki.

Msomaji wako,
Morogoro