Usipike data, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Hongera tena kwa kuchaguliwa Mkwawa, chuo cha ualimu kule Iringa. Mama mdogo alivyopiga simu kutoka Tukuyu, furaha niliisikia kabla hata hajamaliza salamu. Kwenye meseji yako umeniuliza uanzeje ili utoke na GPA nzuri, yaani wastani wa alama zako za chuo. Nitakujibu, ila lipo jambo kubwa zaidi ya GPA ambalo nataka ulijue kabla hujavaa koti la maabara. Naliandika hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeingia mwaka wa kwanza.

GPA nimalizane nayo haraka. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu. Alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye hesabu kama za mwaka wa mwisho, na kozi yenye krediti nyingi inavuta zaidi. Atakayekwambia mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, msalimie upite. Ripoti za vitendo ni sehemu ya kosiweki, yaani alama za kazi za muhula kabla ya mtihani, usizilimbikize.

Sasa maabara. Chukua jaribio dogo kuliko yote: kuchemsha maji safi na kusoma kipimajoto. Tangu sekondari umekariri kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Iringa mjini utakuwa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kipimajoto kitagoma karibu na 95. Si kibovu. Huku juu kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo, mvuke hauhitaji joto kubwa hivyo kuishinda, basi maji yanachemka mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 unazopanda zinapunguza nyuzi 1. Ndiyo maana maharage ya mama mdogo kule Tukuyu, ambako nako ni juu, yanakaa jikoni muda mrefu kuliko ya shangazi aliyeko Dar es Salaam: maji yanatokota kweli, ila joto lake ni dogo.

Nilikosoma mimi, niliwaona watu wakitazama kipimajoto kinasema 95, halafu wanaandika 100. Kwenye titresheni, pale unapodondosha kimiminika kimoja kwenye kingine hadi rangi ibadilike, ni hivyo hivyo. Usomaji wa kwanza 24.6, wa pili 24.1, wa tatu unaandikwa 24.1 bila hata bureti, ule mrija wa kudondoshea, kufunguliwa, kwa sababu foleni ni ndefu na mwalimu anataka namba zinazolingana. Wanaita kupika data, na wanacheka. Mimi inaniuma, kwa sababu kilichotupwa hapo ndicho tulichoendea maabara.

Namba zikikataa kulingana kuna sababu, na sababu hiyo inatafutika. Kiputo cha hewa kikiwa kwenye ncha ya bureti na kikatoka katikati ya kazi, usomaji unapanda, maana umehesabu hewa kama kimiminika. Ukisuuza bureti kwa maji ukaacha kuisuuza kwa myeyusho wenyewe, myeyusho unazimuliwa na usomaji unapanda pia. Pipeti, ile ya kupimia kimiminika kinachodondoshewa, ikibaki na maji, usomaji unashuka. Kila kosa lina upande linaosukumia jibu. Mwanafunzi anayeandika alichokiona anaweza kurudi nyuma akalikamata, na huyo ndiye anayejifunza kemia. Aliyepika hana pa kurudi.

Kwako wewe uzito unazidi, kwa sababu unasomea ualimu wa sayansi. Unakumbuka kampeni ya kujenga maabara kwenye shule za kata wakati wa Rais Kikwete? Wazazi walichangishwa, majengo yakasimama. Siku moja utaingia kwenye mojawapo, labda Kilolo, labda Makete, na mtoto atakuuliza, "Mwalimu, mbona kinasoma 95?" Natamani sana umjibu vizuri mtoto huyo.

Kuhusu mpango wa digrii, usifikiri ualimu umekufungia milango. Huku Mbeya kuna TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wanaotafiti mbegu, kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kuna ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ukitaka baadaye kusoma shahada ya uzamili ya kemia, watatazama ulisoma kemia kiasi gani, siyo GPA tu. Kwa hiyo kwenye kozi za kuchagua, tazama kwanza kemia ya uchambuzi na takwimu. Takwimu wengi wanaikimbia. Mimi naona ndiyo itakayokufaa kuliko zote, kwa sababu inakufundisha namna ya kuishi na namba zisizolingana.

Nunua daftari gumu la kurasa zilizoshonwa. Andika kwa wino, hapo hapo maabara, tarehe juu. Ukikosea, pigia mstari mmoja ili namba ya zamani bado isomeke. Usiandike kwenye karatasi za kubandika ukasema utahamisha jioni.

Koti nimeshakununulia, la pamba, maana la nailoni likishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Nitalituma kwa basi ukishapata chumba. Sweta beba mwenyewe, Juni na Julai upepo wa Iringa hauna huruma. Ratiba ya vitendo ikitoka nipigie picha unitumie, tuzipitie pamoja kozi za kuchagua kabla usajili haujafungwa.

Dada yako,
Mbeya