Barua kutoka Cusco, kwa mwanangu mwongoza wageni

Cusco, Peru
Juni

Mwanangu Elibariki,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu huko Machame. Tumeteremka jana jioni kutoka Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka waliotawala huku zamani, na leo nimelala mpaka saa nne asubuhi, jambo ambalo mama yako hataliamini.

Kwenye simu uliniuliza swali moja, "Baba, ni kugumu kuliko Kibo?" na mtandao ukakatika. Jibu ni refu kidogo. Na kuna mengine ambayo hukuuliza, nataka uyasome ukiwa umetulia nyumbani, si ukiwa getini unasubiri basi la wageni.

Kwa urefu si kugumu. Sehemu ya juu kabisa ya njia hii ya kwenda Machu Picchu, wanaiita Warmiwañusqa, ni mita 4,215. Sisi kwetu Kilimanjaro, Lava Tower, ambayo ni juu zaidi, tunapandisha watu kula chakula cha mchana tu na kuwashusha. Hata hivyo niliona vijana wa miaka ishirini wamekaa chini pale wanalia, na yule mzee wetu wa Uswisi aliyenilipia safari hii akapita mbele yao polepole, hatua kwa hatua, kama nilivyomfundisha zamani. Hakusema neno, ila nilimwona anatabasamu.

Kazi iko kwenye ngazi. Wainka hawakuwa na magurudumu wala farasi, kwa hiyo hawakuona sababu ya kuzungusha njia. Walipanga mawe, ngazi juu ya ngazi, wakapanda mlima wima na kuushuka wima. Kutoka Phuyupatamarca hadi Wiñay Wayna unateremka karibu mita elfu moja, na sehemu kubwa ni ngazi za mawe, nyingine fupi, nyingine zinakufika gotini, zote zimelowa ukungu. Mapafu yangu hayakulalamika hata siku moja. Magoti ndiyo yaliyonikumbusha umri. Kwa hiyo ukipata mgeni aliyewahi kutembea huku, usimpime kwa urefu aliofika. Muulize alishukaje.

Sasa mambo ya kazi. Njia inaanzia mahali panapoitwa Kilometa 82, wanahesabu reli kutoka Cusco. Hapo kuna geti, na pasipoti yako isipolingana na kibali, unarudi mjini. Huwezi kuja peke yako na begi lako ukapanda, lazima uwe na kampuni na mwongozaji mwenye leseni. Watu 500 tu kwa siku, na humo wamo wapagazi, wapishi na waongozaji, kwa hiyo wageni wanabaki kama 200 hivi. Mwezi wa Februari njia inafungwa kabisa, mvua zimezidi na mafundi wanaingia kukarabati. Nyumbu na farasi marufuku. Fimbo yenye ncha ya chuma lazima uivalishe kofia ya mpira ili isichimbe mawe. Nilifikiria msongamano wa kambi yetu ya Barafu wakati wa msimu, nikanyamaza.

Mzani upo, na kilo ni 20 kama kwetu. Sheria yao ya kwanza ya wapagazi ilipitishwa 2001. Nilisimama kuangalia mizigo ikipimwa mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Wagumu wa huku, yaani wapagazi, ni wakulima wa viazi na mahindi kutoka vijiji vya milimani, wanazungumza Kikechua wao kwa wao, na msimu ukiisha wanarudi shambani. Mmoja wao, umri wangu kabisa, alivaa viatu vya tairi la gari. Akala, mwanangu! Akala zile zile, mguu wazi kwenye baridi, shavu moja limetuna kwa majani ya koka, na anatupita kwenye ngazi anakimbia. Siku ya pili kambini nikamwonyesha kwa ishara kwamba na mimi nimebeba mizigo miaka mingi. Hakuniamini. Nikachukua furushi lake nikalitupia kichwani, nikatembea mpaka hema la jikoni na kurudi. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Wao wanabeba mgongoni tu, kichwani hawajawahi kuona. Tangu hapo bakuli langu la supu lilikuwa linajaa kuliko la wengine.

Lakini nililokusudia kukuandikia ni habari ya mwongozaji wetu.

Ni dada wa makamo, lugha ya mama yake ni Kikechua, Kihispania na Kiingereza alijifunza shule. Huku hupewi leseni ya kuongoza bila kusomea utalii chuoni, na kusoma kwake kunaonekana. Siku ya mwisho tuliondoka kambini gizani, tukapanga foleni getini, kukicha tukafika Intipunku, lango la mawe ambalo ukilipita unauona Machu Picchu chini yako. Wageni wakatoa simu. Yeye akawaacha wapige picha mpaka waridhike, kisha akawakalisha.

Mgeni mmoja akamwuliza kama ni kweli ulikuwa mji wa mabikira wa jua. Angeweza kusema ndiyo, akamaliza, kila mtu akafurahi. Badala yake akaeleza uvumi ulikotoka. Msafara wa Hiram Bingham, profesa wa Kimarekani, ulifukua makaburi mwaka 1912, mtaalamu wao wa mifupa, George Eaton, akaandika kwamba mingi ni ya wanawake, na dunia ikatunga hadithi. Miaka mingi baadaye mtaalamu mwingine, John Verano, akaipima upya mifupa ile ile, akakuta wanaume na wanawake wanakaribia kulingana, na watoto wamo. Palikuwa makao ya mfalme, Pachacuti, yaliyojengwa karne ya 15, na waliozikwa pale wengi ni watumishi na mafundi wake. "Ningewaambia mabikira," akasema, "mngeniongezea tipu." Wageni wakacheka, na jioni ile nikaona wanamwongezea kweli.

Kisha akafika kwa Bingham mwenyewe. Vitabu vingi vinasema aligundua mji uliopotea tarehe 24 Julai 1911. Huyu dada alisimulia siku yenyewe ilivyokuwa. Asubuhi ya manyunyu, profesa wa chuo cha Yale anatafuta Vilcabamba, ngome ya mwisho ya Wainka. Mkulima wa bondeni, Melchor Arteaga, anakubali kumpandisha kwa sol moja, pesa ya Peru. Juu wanakuta familia mbili, kina Richarte na kina Alvarez, wanalima kwenye matuta ya Wainka na wanamkaribisha maji na viazi. Arteaga anabaki kupiga soga na wenyeji, na anayemzungusha Bingham kwenye magofu ni mtoto mdogo wa kiume. Na ukutani profesa anakuta jina limeandikwa kwa mkaa, Lizárraga, 1902. Huyo alikuwa mkulima wa eneo lile, amefika miaka tisa kabla yake. Cha kuchekesha zaidi, Bingham alikufa akiamini kwamba Machu Picchu ndiyo Vilcabamba, wakati Vilcabamba yenyewe iko Espíritu Pampa, na alifika huko mwaka ule ule wa 1911, akaona kuta chache porini, akapita.

Dada hakumtukana Bingham. Alisema kazi yake ya picha na ramani ilikuwa kubwa, na vitu alivyovipeleka Yale vilikaa karibu miaka 100 mpaka vikaanza kurudishwa Cusco mwaka 2011. Kila mtu akawekwa mahali pake. Nilimtazama, nikakufikiria wewe.

Kwa sababu nimekusikia, Eli, pale kambi ya Shira, ukiwaambia wageni kwamba Hans Meyer aligundua Kibo. Meyer na mwenzake Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, hilo ni kweli na uliseme. Lakini taja pia Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki nao kwenye kambi ya juu, kwenye baridi ile, na nguo zile za wakati ule. Taja watu wa Marangu waliobeba mizigo na kuonyesha njia msituni. Kuhusu Mzee Yohani Kinyala Lauwo, wapo wanaosema alifika nao kileleni na wapo wanaobisha. Waambie pande zote mbili, waache wabishane wakati wa chakula. Mgeni aliyelipa dola elfu mbili hakuja kusikia urefu wa mlima, huo ameshausoma kwenye ndege.

Na maji. Hapa nisamehe nikikaa kidogo, maana mimi ni mtoto wa mfongo, ule mfereji wetu wa Wachaga, na nilikuwa kama nimerudi kwa babu yako. Kwenye mteremko wa Machu Picchu kuna chemchemi, na Wainka waliyaleta maji yake mjini kwa mfereji wa mawe wenye urefu wa mita 749. Mteremko wa mfereji umepimwa kwa makini, maji yasikimbie yakafurika, yasilale yakaweka tope. Mjini yanaingia kwenye mahali 16 pa kuchotea, pamepangwa kama ngazi, moja chini ya nyingine, na pa kwanza kabisa ni karibu na nyumba ya mfalme, ili anywe kabla ya wote. Bado yanatiririka. Niliweka kidole pale jiwe lilipochongwa mdomo: maji yanatoka kwa mkondo mmoja mwembamba, hayapakai ukutani, yanaingia katikati ya mtungi kama ungekuwepo. Fundi alichonga akiwaza mtungi.

Matuta nayo ni hivyo hivyo. Ukitazama kwa juu unaona nyasi tu. Walipochimba wataalamu walikuta mawe makubwa chini, kokoto juu yake, kisha mchanga, kisha udongo mzuri uliobebwa mpaka pale. Mvua ya huku ni nyingi na mlima umepasukapasuka, bila mawe yale ya chini mji wote ungekuwa umeshaporomoka mtoni zamani. Wageni wanapiga picha kuta, na kuta ni nzuri, hazina chokaa wala saruji, na kwenye zile bora wembe haupiti. Dada yule aliwageuza wakatazama mitaro.

Sisi wageni wetu tunawapitisha vijijini wakiwa garini, vioo vimefungwa, mpaka getini. Mifongo iko pale pale kando ya barabara, mingine ni ya karne na karne, na wazee wanaojua zamu za maji bado wapo, ila hawatakuwepo siku zote. Zungumza na dereva. Dakika ishirini tu, mkirudi kutoka mlimani, wakati hakuna aliye na haraka. Umuulize Mzee wa zamu za maji kule juu kwa shangazi yako, na ukamchukulie sukari, usiende mikono mitupu.

Mama yako aliagiza mbegu za viazi. Mwambie sokoni hapa kuna viazi vyeusi, vya zambarau, vingine vimejikunja kama tangawizi, lakini forodha hawaruhusu. Nimemnunulia kofia ya sufu ya alpaka, mnyama wa huku, badala yake.

Naingia uwanja wa ndege wa KIA Alhamisi usiku. Kama uko mlimani usiwaache wageni, mdogo wako atakuja na pikipiki. Na ule mzani wa stoo mnaopimia kabla ya kwenda getini unasoma pungufu, nimelisema hilo tangu nikiwa kazini na mwenye kampuni hakuubadilisha. Chukua furushi moja ulipime kwa muuza mahindi hapo sokoni, uandike tofauti, ukamwonyeshe mpishi mkuu kabla hamjaondoka Jumamosi.

Wasalimie wote.

Baba yako