Lafudhi huanzia jikoni kwa mama

Mhariri,

Mwalimu anayemcheka mwanafunzi kwa kusema "nimekura ugari" hajui anachokicheka. Sikio la mtoto huanza kuchuja sauti za lugha ya nyumbani kabla hajatimiza mwaka 1. Tofauti isiyotumika humo hufifia. Kikuyu hakitenganishi "l" na "r". Kijaluo hakina "sh", basi shamba likawa "samba". Mtoto wa Unguja au Lamu, naye, hupata "th", "dh" na "gh" nyumbani, kisha akazikazia chuoni, kwenye masomo ya Kurani.

Dawa ni kusikia kwanza, kutamka baadaye. Mtamkie jozi kama kura na kula, mahari na mahali, aonyeshe kwa kidole umesema ipi. Dakika 5 kila siku zatosha. Akishazitofautisha, mwelekeze ulimi: kwenye "l" ncha hugusa ufizi na kubaki, hewa ikipita pembeni, kwenye "r" hugonga na kuachia. Ukianzia kinywani utavuna "habali" na "dhawadi", makosa ya mtu anayeogopa kukosea. Na familia ikihama mtoto angali mdogo, wenzake wa mchezoni humbadilisha upesi kuliko mwalimu yeyote.

Mwalimu wa Kiswahili,
Nakuru