Goti moja tu?

Mwanaidi shoga yangu,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, watoto wanaenda shule, mvua imetukalia. Mengine baadaye, maana jana Zuhura kaniambia goti lako la kushoto limevimba tangu Jumatano, nawe umejiongezea vidonge vya prednisoloni ukisema baridi yabisi imeamka. Usingizi sikuupata.

Goti moja tu, Mwanaidi? Mikono haikuumi?

Mama alianza hivyohivyo. Baridi yabisi anayo miaka 11, tumeshaijua: ikiamka inashika vidole vya mikono yote miwili, asubuhi hata kanga hawezi kufunga. Safari ile lilikuwa goti la kulia peke yake. Nikaweka kiganja, lina moto kama chungu kilichotoka mekoni. Tukamkanda siku 3, Mungu atusamehe. Homa hakuwa nayo, ndiyo maana hatukushtuka. Kumbe hizo dawa za baridi yabisi, metotreksati na prednisoloni, zinapunguza kinga ya mwili, mtu anaweza asipate homa na huku usaha umejaa ndani. Na goti ambalo baridi yabisi imeshalitafuna, bakteria hawapati tabu kulishika. Daktari alipochota maji ya goti kwa sindano yalitoka mazito, kama tui lililochacha. Alipomkagua miguu akakuta gaga la kisigino limepasuka, akasema huenda bakteria wamepitia hapo. Sisi tulikuwa tunalipaka mafuta tu.

Aliingizwa thieta goti likasafishwa, akachomwa sindano za mshipa wiki 2, kisha vidonge wiki 4. Anatembea, lakini goti halikunjiki, kusali anakaa kitini. Zile siku 3 bado zinaniuma, maana usaha unakula gegedu, ile nyama ngumu laini inayofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu.

Basi nenda leo, usingoje kliniki yako ya mwezi. Waambie una baridi yabisi na dawa unazokunywa. Maji yachotwe kabla ya antibayotiki, dawa ikitangulia maabara wanaweza wasimwone mdudu. Metotreksati waulize kama uisimamishe kwanza. Prednisoloni usiikate ghafla, hiyo nayo ni hatari.

Nauli nimemtumia Zuhura. Una kidonda au gaga lolote mguuni? Unaweza kulikunja goti? Linauma hata ukitulia? Baba Salma amerudi safari? Mtoto utamwachia nani, au nije mwenyewe na basi la usiku?

Nijibu hata kwa neno moja.

Rafiki yako,
Rehema