Heathrow hadi Schiphol: hesabu ya safari

Kwako Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wa nyumbani. Umeuliza kutoka Heathrow, uwanja wa ndege wa London, hadi Schiphol, ule wa Amsterdam, ni mwendo gani, na kama saa moja u nusu inatosha kubadilisha ndege huko Schiphol kwenda Nairobi.

Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 370 hivi. Kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa, ndege ingezimaliza chini ya nusu saa. Lakini ikishapanda haikai sana huko juu, rubani anaanza kuishusha, kwa hiyo hewani ni kama dakika 45 au 50. Tiketi nayo itaandika saa 1 na dakika 20 hivi, na haikosei: inahesabu tangu ndege inaposukumwa nyuma kutoka getini mpaka inapoegeshwa.

Dakika za ziada zinaliwa ardhini. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, na foleni yake si ya mchezo. Mkitua Schiphol kwenye Polderbaan, njia iliyofunguliwa mwaka 2003, usikimbilie kufungua mkanda. Iko mbali na majengo, ndege hutambaa dakika 10 hadi 20. Chungulia dirishani: kuna mahali inavuka daraja, na magari ya barabara kuu yanapita chini yenu.

Angalia saa pia. Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja mwaka mzima, maana wote hubadilisha saa usiku uleule. Tiketi ikisema 10:00 hadi 12:20, usidhani ni safari ya saa mbili na ushei. Kila uwanja umeandikiwa saa ya kwao. Kurudi utaona 10:00 hadi 10:20, kama vile mnavuka mtaa! Na kurudi ndiko kunakochelewesha: upepo wa juu mara nyingi unatoka magharibi, ingawa huo unakula dakika chache tu. Kubwa ni kuzungushwa juu ya Lambourne, kaskazini mashariki mwa London, kila mzunguko kama dakika 4, mpaka zamu ya kutua ifike.

Sasa swali lako. Saa moja u nusu inatosha kama tiketi ni moja hadi Nairobi: begi linaenda lenyewe, na ndege ya kwanza ikichelewa ni juu ya kampuni kukutafutia nyingine. Kama ni tiketi mbili mbalimbali, usithubutu. Begi litaishia Schiphol, na kulichukua lazima upite uhamiaji wa Uholanzi. Kwa pasi ya Kenya hapo unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ile ya Uingereza haikusaidii. Kisha ulipeleke upya kaunta kabla haijafungwa. Hapo mimi ningeacha saa nne, si chini.

Niambie ni tiketi ya namna gani kabla hujalipa. Wasalimie watoto.

Wako,
Zuhura