Kabla hujatega kobe wa bwawani

Panyimur, Jumapili jioni

Baba Zaituni, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku ukingoni mwa Ziwa Albert. Sisi wazima, mvua tu ndiyo haitupumzishi. Barua yako ya kobe wanaovamia bwawa lako la samaki wa ngege nimeisoma mara mbili, na pale uliposema utawatega kwa ndoana yenye nyama, moyo ulinishtuka. Tafadhali, ndoana hapana. Kobe humeza chambo chote, na ikishashika kooni huwezi kuitoa bila kumwumiza vibaya.

Tumia wavu wa pete, ule wa mviringo unaofanana na dema, wenye mdomo unaosinyaa kuelekea ndani. Mle ndani tundika kopo lililotobolewa, lenye vichwa na matumbo ya samaki. Harufu itawaita wenyewe.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kobe hana matamvua. Anavuta hewa kama mimi na wewe, na mtego ukizama wote, umemzamisha. Weka ndani ya wavu, upande wa juu, madumu mawili matupu yaliyofungwa vifuniko kwa nguvu, ili sehemu ya mtego ielee juu ya maji usiku kucha. Kisha ufunge kwenye mti imara uliochomekwa ardhini, kwa kamba yenye nafasi ya kupanda.

Hiyo nafasi ya kamba niliijua kwa uchungu. Ule mwaka niliowasaidia watafiti, nilifunga mtego mmoja kwa kamba fupi, jioni kukiwa kukavu. Usiku ikanyesha, maji yakapanda, madumu yakataka kuinuka, kamba ikayazuia. Alfajiri nilimkuta kobe mmoja, shingo imenyooka yote, pua ameipenyeza kwenye tundu la juu kabisa la wavu. Alikuwa amekufa. Uso wa maji ulikuwa juu yake kama upana wa kiganja changu tu. Tangu siku ile, wingu likitanda natoa mitego yote, na usiku wa kutega naamka kuikagua, singoji asubuhi.

Ukimpata, mshike kwa mikono miwili, ubavuni mwa gamba karibu na miguu ya nyuma. Usimwinue kwa mkia. Hao wa mabwawani hukunja shingo kwa upande chini ya ukingo wa gamba, lakini wanauma, wanaparura kwa kucha, na wanatoa harufu mbaya wakiogopa. Mfunike kwa gunia bichi, mweke kivulini, maana jua la saa sita linaweza kumuua. Zaituni akimgusa, anawe kwa sabuni, kwa sababu hubeba vijidudu vya kuharisha. Yule mkubwa wa Mto Nile, mwenye gamba la ngozi na pua kama mrija, ni habari nyingine. Shingo yake ndefu inafika nyuma ulipomshika. Tukimnasa huku tunafungua wavu majini, anatoka mwenyewe.

Lakini kabla ya yote hayo, nenda ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kumkamata mnyama wa porini bila kibali, hata akiwa bwawani mwako. Waeleze shida yako, wao ndio watakaosema wapelekwe wapi. Na kwa kweli, mimi ningeanza na uzio mfupi wa mabati kuzunguka bwawa, uliofukiwa kidogo ardhini. Kobe hao husafiri nchi kavu mvua zikianza, ndivyo wanavyokufikia. Ukiwaondoa watano bila uzio, watakuja wengine. Halafu hebu chunguza kama kweli ndio wanaokumalizia ngege, kwa sababu wanakula pia konokono, viluwiluwi na samaki waliokwisha kufa.

Ukipata kibali nipigie simu. Nitapanda basi na mtego wangu wenye pete za chuma, na usiku wa kwanza tutakesha pamoja pale bwawani.

Msalimie mama watoto.

Ndugu yako wa Panyimur