Mdogo wangu, vyombo vya mama bado viko kwenye beseni

Salaam mdogo wangu. Naandika huku kwa sababu simu yako haipatikani tangu mwezi wa tano na wasap ni tiki moja tu. Wengine watasoma, wasome, Ngamiani nzima washajua. Mama hajambo, mguu umepungua uvimbe, juzi kaenda mwenyewe mpaka kona pale kwa muuza samaki akarudi kanuna ati vibua vinne elfu tatu, akaviweka mezani akawa anaviangalia tu.

Mi najua ulikuwa wapi siku ile walipokuja kubeba kabati. Ulikuwa kwa jirani, chumba cha uani, pazia linatikisika na upepo hakuna. Nilikuona. Mama sijamwambia mpaka leo.

Wale wadada wawili wa marejesho ya mkopo wako walikuja saa nne asubuhi na kijana wa guta. Hawana karatasi ya mahakama, hawana mjumbe, wana ile fomu yako tu uliyoandika dhamana kwa mkono wako: friji, tivii, kabati la vioo. Friji ulishaliuza, tivii ilishakwenda kwa yule mkopeshaji wa kwanza, likabaki kabati. Na kabati sio lako! La mama, baba kamnunulia alipopata mafao yake ya mkonge. Yule dada mnene akaniambia toa vyombo visije vikavunjika, nikatoa mwenyewe kimoja kimoja nikavipanga kwenye mkeka, sahani za maua ya buluu 11 (ya 12 uliivunja wewe Idd ile), bilauri, mabakuli ya mchuzi, birika la bibi. Mama kakaa kwenye kiti chake hasemi kitu, mpaka walipoliinamisha lipite mlangoni ndo akafungua mdomo, "Taratibu wanangu, mlango wa kushoto bawaba yake mbovu."

Wanangu. Anawaita wanangu, na mwanawe yuko nyuma ya pazia.

Hapo ndo siwezi kupita. Deni nakusamehe wallahi, deni halina mwenyewe mjini hapa. Ila ungetoka tu. Ungekuja ukashika upande mmoja wa lile kabati.

Usidhani nimesahau ulikoanzia. Sijasahau. Ilikuwa kabla ya Ramadhani ya 2024, ile mvua ya El Nino ilishajaza maji mashamba ya miwa viwanda vikasimama, sukari ikapita elfu nne kwa kilo, bei elekezi ikatangazwa lakini ukienda dukani mwenye duka anakwambia sukari yenyewe hamna. Na we kazi yako vitumbua. Kitumbua ni mia mbili, ukisema mia tatu watoto wa madrasa wanaondoka, ukipunguza upawa wanakwambia siku hizi unachoma vifungo. Mafuta juu, mkaa juu, mchele usiseme. Nilikuona unavyopima sukari kwa kijiko kama dawa. Mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia kumi ya mapato yao, ulikuwa umesimamishwa tangu 2023, kwa hiyo nakuelewa ulipokwenda kwa hawa wakopeshaji wa kausha damu. Ile mara ya kwanza nakuelewa.

Lakini hesabu zako mdogo wangu. Umekopa laki 3, wamekata fomu sijui na bima umeondoka na laki 2 na 70, alafu elfu 15 kila siku kwa siku 30. Hiyo ni laki 4 na nusu! Kiwango cha riba cha Benki Kuu kwa hawa wakopeshaji wadogo mwisho asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa laki 3 ni 10,500 tu. We riba ulitoa 150,000. Na vitumbua havikupi elfu 15 ya faida kwa siku, haijawahi kutokea, kwa hiyo ukakopa kwa wa pili umlipe wa kwanza, alafu ukaingia kwenye zile aplikesheni za simu. Mi niko kilioni Mikanjuni naletewa meseji kwamba ndugu yako tapeli mwambie alipe, na ustadh wa madrasa kaipata hiyo hiyo, na fundi cherehani pia. Novemba 2024 Benki Kuu ilipozifungia aplikesheni 69 ulicheka ukasema umepumua. Hawa wa mtaani nani kawafungia?

Na mkopo wa halmashauri ulirudi 2024 hiyo hiyo, nikakwambia tuunde kikundi. Ukasema huwezi kukaa na wanawake wenye midomo.

Haya, najua umewaambia watu kwamba dada alikuwa na hela ya kikoba na aliangalia tu. Ndiyo nilikuwa nayo. Laki 4 na 20, tulivunja kikoba wiki ile ile. Na mwanangu anasubiri kwenda kidato cha tano, bweni, ada imefutwa sawa lakini godoro nani ananunua, tranka, viatu, mashuka, nauli, michango. Ningewapa wale wadada ile hela kabati lingebaki na mtoto angebaki. Nilimchagua mtoto. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Tena mara mbili nilishakulipia, elfu 60 na elfu 45, kimyakimya, shemeji yako hajui mpaka leo, sasa atajua hapa. Usiku nalala nahesabu, ningetoa hata nusu labda wangekubali. Sikuwauliza. Nilikuwa na hasira na lile pazia.

Nasikia uko Mbagala unapika kwa mtu. Kula vizuri.

Kabati nimeliona. Liko Ngamiani kwenye banda la samani za mtumba, wameliweka nje kwenye jua, nikafungua mlango wa kushoto ukaning'inia. Yule baba anataka laki 3 na nusu. Nimetanguliza elfu 50, kasema atalishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Mama hajui, vyombo viko kwenye beseni chini ya kitanda chake na kila Ijumaa anavitoa anavifuta. Washa simu.